Jua Linatangulia Kibaoni

Kibaoni, Ifakara
8 Februari 1953

Kaka yangu Fridolin,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristu.

Sijui kama barua hii itakukuta, wala kama ukiuona mwandiko wangu juu ya bahasha utaifungua au utaitia motoni. Anwani nimepewa na seremala mmoja aliyerudi kutoka Kongo, anasema alikuwa akikuona ukitoka kanisani huko Leopoldville. Nikamwuliza, "Yu mzima?" Akasema, "Mzima, ila anatembea polepole." Nikamwambia miaka imekwenda, sisi sote tunatembea polepole.

Nyumbani tupo. Mpunga tumeupalilia mara ya kwanza, na mto umeanza kupanda kingo, kwa hiyo wa mabondeni wamehamia juu na kuku wao na kelele zao. Mwanangu Fulgensi, ambaye hujapata kumwona, sasa ni mwalimu. Ana baiskeli na ana saa ya mkononi, na hujui kati ya hivyo viwili kipi anakipenda zaidi. Baba mdogo Polikarpo bado ndiye msemaji wa ukoo na bado hapendi kukatizwa. Mama haoni tena. Anajua mwanga na anajua giza, basi. Lakini masikio yake yanasikia mpaka tusiyotaka ayasikie.

Sasa jambo lenyewe. Baba alipofariki mwaka 1939 ulituletea simu ya maandishi yenye neno moja tu, NINGOJENI. Tulingoja wiki tatu. Chakula cha wafiwa kikaisha, tukaondoa matanga pasipo wewe. Wewe ukaandika barua ambayo sitairudia hapa, nami nikakujibu kwa ile ambayo nadhani unaikumbuka. Tangu hapo ni kimya, miaka kumi na minne.

Mwezi uliopita mama aliniita akasema, "Sitaki kwenda kwa baba yenu na habari ya watoto wasiosemeshana. Mpulize maji."

Uliondoka ukiwa kijana, huenda umesahau. Wawili waliogombana wanasimama wakitazamana, kila mmoja na maji kinywani. Mama yao anaugonga mgongo wa jembe kwa jiwe, mara moja, na wote wawili wanayapuliza yale maji chini. Wakipuliza pamoja, kosa halina mwenyewe tena, linanywewa na ardhi. Akitangulia mmoja, hata kwa pumzi moja, kosa lote ni lake na la watoto wake. Padre nimemwuliza, anasema hakuna ubaya maadamu tutaanza na Baba Yetu.

Mama anataka uje.

Mimi dada yako,
Balbina


Leopoldville
29 Machi 1953

Dada yangu Balbina,

Marahaba. Milele, amina.

Barua yako niliipokea kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Sikuitia motoni. Niliiweka mfukoni siku tatu ndipo nikaifungua, na tangu nilipoifungua nimeisoma mara nyingi kuliko inavyopasa mtu wa kazi yangu, maana kazi yangu ndiyo kusoma: nasahihisha maandishi katika kiwanda cha kuchapa vitabu kabla hayajapigwa chapa. Nimekaa kwenye kiti kimoja miaka kumi na miwili. Ni kazi nzuri. Viatu vyangu vya mwaka juzi bado vinang'aa.

Nina mke, jina lake Yosefina, mwenyeji wa upande wa bahari. Hajui Kiswahili. Hapa watu wana lugha zao, na Kiswahili changu nimebaki nikikisema peke yangu wakati wa kunyoa ndevu. Watoto Mungu hakutupa. Mto uliopo hapa ni mkubwa kuliko yote niliyowahi kuiona, lakini mtu akiniambia "mto", mimi bado nauona Kilombero mwezi wa Machi, umetandaa juu ya majani na mitumbwi inapita palipokuwa na njia.

Nimefurahi kwamba Fulgensi ana saa, kwa sababu tutaihitaji.

Kuja siwezi. Tafadhali usiniulize sababu, na usidhani ni hasira. Hasira ilikwisha zamani, ila sikujua pa kuipeleka habari hiyo. Lakini anachotaka mama si miguu yangu, ni mimi na wewe kupuliza maji kwa wakati mmoja. Hilo linawezekana. Mama agonge jembe lake Kibaoni, nami niwe na maji kinywani hapa, katika dakika ileile.

Hapo pana jambo la kuangalia sana. Jua linachomoza kwenu kabla halijachomoza kwetu, kwa hiyo na saa za nchi hizi mbili haziko sawa. Nimemwuliza karani wa posta. Saa zenu ziko mbele ya zetu kwa saa mbili, kasoro kidogo, na hiyo kasoro tuziachie kengele za misheni, ambazo tangu utoto wangu hazijapata kukubaliana na saa yoyote. Hesabu kamili mbili. Ikiwa kwenu ni saa kumi alasiri, kwangu ni saa nane mchana. (Hapa wanahesabu kwa namna yao, lakini nakuandikia kwa hesabu ya nyumbani.)

Naomba iwe Jumapili tarehe 30 Agosti. Nimeiweka mbali ili barua zipate nafasi ya kwenda na kurudi, na barabara ikauke. Wewe upulize saa kumi yako. Mimi nitapuliza saa nane yangu. Hapo hatatangulia mtu.

Msalimie mama. Mwambie neno la simu ile lilikuwa langu mwenyewe.

Kaka yako,
Fridolin


Kibaoni, Ifakara
19 Mei 1953

Kaka Fridolin,

Shikamoo.

Barua yako imekaa njiani wiki sita. Maji yalikata barabara, lori la posta likangoja upande wa pili wa mto mpaka dereva akaoa huko, ndivyo watu wanavyosema. Mpunga umeanza kukomaa na ndege wameingia. Watoto wako madunguni tangu alfajiri wakipiga madebe, hakuna anayesikia anachoambiwa. Tumevuna hofu kwanza, mpunga baadaye.

Nilimsomea mama barua yako yote. Uliposema una mke alicheka. Uliposema huwezi kuja akasema, "Endelea." Nilipofika penye saa akanisimamisha.

"Mara hii ni saa kumi, mara hii ni saa nane. Yuko katika siku ya jana?"

Fulgensi akajitia ualimu. Akatafuta ndimu, akachoma miiba miwili juu yake, akamwekea bibi yake mkononi mbele ya moto wa jikoni. "Bibi, mwiba huu ni Kibaoni. Huu mwingine ni kwa mjomba. Moto ndio jua. Zungusha polepole." Mama akazungusha. Hauoni moto, lakini joto analisikia kwenye ncha za vidole. Mwiba wetu ukaupata moto kwanza, kisha ukapita, ndipo ule wako ukafika. Akazungusha tena na tena mpaka ugali ukataka kuungua.

Akasema, "Kumbe jua linaanza kwangu, ndipo linakwenda kwake. Basi kila asubuhi mimi ndiye ninayempelekea." Kisha akacheka yale macheko yake ya zamani. "Ndiyo maana mtoto yule anachelewa kila kitu. Hata kuzaliwa alichelewa. Hata matanga ya baba yake. Jua lake linachelewa! Nasi tulimlaumu bure."

Ile ndimu hataki kuitoa. Analala nayo.

Shida ni baba mdogo Polikarpo. Tulimwita aijue siku, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo watu wakiulizwa, Fridolin alipuliza saa ngapi? Saa nane. Na Balbina? Saa kumi. Basi nani ametangulia?"

Fulgensi akasema, "Babu, ni wakati mmoja."

"Nane na kumi ni wakati mmoja? Mwalimu gani wewe? Leo utaniambia kambale wangu kumi ni wanane wakifika Kongo!"

"Wakifika Kongo wameoza, babu."

Alimfukuza uani. Lakini baadaye alisema nami kwa upole, nami namwelewa. Anasema wewe ndiye mtoto wa kwanza wa marehemu kaka yake, na hatakubali watu waje waseme ulitangulia ukabeba kosa lote hali hupo kujitetea. Ameamua kila mmoja apulize saa kumi kwa saa ya mahali alipo. Kumi na kumi. Asipokubaliwa hakanyagi uani, na yeye asipokuwepo hakuna wa kushuhudia.

Nijibu upesi. Mama anakohoa.

Balbina


Leopoldville
7 Julai 1953

Dada yangu Balbina,

Marahaba. Yosefina anakusalimu. Nimemfundisha neno "wifi" naye sasa anaita hivyo hata mbuzi wa jirani. Hapa ni majira ya ukavu, asubuhi ukungu haupandi mpaka saa tatu, nami hupenda hivyo, kwa sababu usipoona ng'ambo ya mto unaweza kujipa ng'ambo uitakayo.

Mwambie mama nimeipokea habari ya ndimu. Mwambie pia kwamba saa mbili hazitoshi kumchelewesha mtu matanga mazima. Au usimwambie.

Sasa nisikilize vizuri. Baba mdogo anataka kunikinga, nami namshukuru. Lakini fuata hesabu yake mpaka mwisho. Wewe ukipuliza saa kumi yako, mimi huku ni saa nane. Ili nipulize saa kumi yangu itanibidi ningoje mpaka kwenu iwe saa kumi na mbili, jua likiwa linazama. Kwa hesabu ya midomo tutakuwa sawa, kumi na kumi. Kwa jua la mama, wewe utakuwa umetangulia kwa saa mbili nzima, na ile pumzi moja inayoogopwa itakuwa imekuangukia wewe na Fulgensi. Anayenikinga mimi anakuvua wewe.

Mfafanulie. Akielewa, atafute njia huko kwenu usitangulie. Asipoelewa, usigombane naye kwa ajili yangu. Tumegombana vya kutosha katika ukoo huu kwa ajili yangu. Barua nyingine haiwezi tena kwenda na kurudi kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo nasema neno moja ambalo mtalitegemea: nitapuliza saa kumi ya huku, kama baba mdogo alivyoamua. Mtoto habishani na baba yake mdogo akiwa mbali.

Lakini sitaki utangulie peke yako, Balbina. Hilo nalo lijue.

Seremala aliyekupa anwani yangu, je, alisema neno lingine lolote juu yangu? Nauliza tu.

Fridolin


Kibaoni, Ifakara
22 Septemba 1953

Kaka yangu Fridolin,

Shikamoo. Kaa kitini kwanza.

Mama yetu Theodosia amefariki, Jumatano tarehe 9 mwezi huu, asubuhi. Alikunywa uji, akasema umezidi chumvi, akalala ubavu. Nilipokuja kuchukua bakuli alikuwa amekwenda. Tumemzika karibu na baba. Padre alikuja, na watu walitoka mpaka Chita.

Nakuandikia sasa habari za ile Jumapili, yote, kwa sababu ni yako.

Barua yako ilifika katikati ya Agosti. Baba mdogo nilimfafanulia mara mbili. Mara ya kwanza alisema hesabu ni za Wazungu. Mara ya pili alisema, "Kumi na kumi," akavaa kofia yake akaenda. Mama nilimsomea, ila pale uliposema nitatangulia kwa saa mbili nilipapita. Nilikuwa nimekwisha azimia. Nilisema moyoni, nitatangulia, kosa liwe langu, liishe, mama apumzike. Fulgensi ni mtu mzima, ataelewa. Sikumwambia mtu.

Siku ile tulipika wali na kambale wa kukaanga. Watu wakakaa uani. Jembe lile la baba, lililoisha mpaka likawa kama kijiko, tukaliweka mapajani mwa mama na jiwe mkononi mwake. Mahali pako tuliweka kiti. Nikasimama mbele ya kiti na kikombe cha maji. Tukasali Baba Yetu. Fulgensi akatazama saa yake, akasema, "Saa kumi kamili."

Baba mdogo akasema, "Shemeji, gonga."

Mama akasema, "Bado."

"Bado nini? Saa imefika."

"Imefika hapa. Mwanangu hajafika."

"Shemeji, Fridolin yuko Kongo!"

"Najua aliko. Mlimwambia apulize saa kumi yake. Saa kumi yake haijafika." Akaitoa ile ndimu katika upindo wa nguo. Ilikuwa imekauka, ngumu kama kokwa, na miiba yake bado ipo. "Jua limetoka kwangu sasa hivi. Mpeni nafasi lifike kwake."

Watu wakacheka kidogo, wakadhani ni uzee. Baba mdogo akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Lakini wali unapoa, mama watoto."

Akamjibu, "Wali wa matanga ya mume wangu ulipikwa ukaliwa moto, na mtu akakosekana. Huu tutaula baridi."

Nikamwinamia nikamnong'oneza, "Mama, gonga tu. Mimi nimekubali." Akanishika mkono, si kwa upole. "Wewe nawe kaa chini. Nilijua ulipapita mahali kwenye ile barua. Sauti yako iliruka. Unataka kutangulia ujifanye shujaa. Sikuzaa wa kubeba na wa kubebewa. Kaa, tumngoje kaka yako."

Tukakaa. Wengine waliondoka, walikuwa na mbuzi wa kurudisha. Baba mdogo alitembea mpaka barabarani kwa hasira, akasimama huko akitutazama, kisha akarudi, akavua kofia, akakaa chini karibu na kile kiti chako. Mama alishika jiwe muda wote ule, nikimwambia aliweke anasema halina uzito. Jua likashuka kwenye migomba. Uani pakawa kimya hata kuku wakapanda kulala. Kaka, mwaka ule wa 1939 tulikungoja wiki tatu, lakini tulikungoja tukikusema vibaya. Siku hii tulikungoja tu.

Kibaridi kilipoanza, Fulgensi akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, kumi na mbili. Kwa mjomba ni saa kumi." Na aliyesema watu wanyamaze, ingawa tulikuwa kimya, ni baba mdogo. Nikatia maji kinywani. Mama akagonga. Nikapuliza.

Akauliza, "Amepuliza?"

Nikasema, "Amepuliza, mama. Pamoja nasi."

Aliniuliza tena usiku wa kuamkia kufa kwake, nikamjibu vilevile. Nilisema hivyo bila kujua, na jambo hilo halinipi usingizi. Kwa sababu nakufahamu. Uliandika hutaki nitangulie peke yangu. Naogopa ulikaidi neno lako ukapuliza saa nane yako, ukidhani mimi napuliza saa kumi yangu, ili uwe nami. Kama ulifanya hivyo, basi ulitangulia, na sisi tulikaa saa mbili tukimngoja mtu aliyekwisha ondoka, na nilimdanganya mama akifa.

Niambie kweli, hata iwe ipi.

Matanga hatujaondoa. Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyesema, "Safari hii mpaka neno la Fridolin lifike." Tunakungoja.

Na seremala, ndiyo, alisema neno lingine. Sikuliandika kwa sababu wewe hukuliandika.

Balbina


Leopoldville
14 Novemba 1953

Dada yangu Balbina, na baba yangu mdogo Polikarpo, na mpwa wangu Fulgensi, na wote waliokaa uani,

Poleni kwa msiba. Nami nijipe pole. Barua yenu iliniletea mama akiwa hai katika mistari mingi kuliko ile aliyokuwa amekufa, na hivyo ndivyo nitakavyomweka.

Baba mdogo, shikamoo. Nimesikia ulivua kofia.

Balbina, uliniambia nikae kitini, nami nilikuwa nimekaa. Unataka kweli. Unanifahamu vizuri. Niliahidi saa kumi, lakini kuanzia siku niliyoitia barua ile posta nilikuwa nimeazimia kupuliza saa nane, ili dakika utakayotangulia wewe, tutangulie wote. Kama ingenipasa kukaidi neno langu, ningelikaidi.

Siku ile nilioga, nikavaa shati jeupe, nikaweka kiti uani na bakuli la maji juu ya kigoda. Saa nane ikafika. Nikatia maji kinywani. Na hapo nikagundua kitu ambacho mtu mwenye kusahihisha makosa ya wengine maisha yake yote alipaswa kukiona mapema: hapakuwa na wa kunigongea. Sikuwa na jembe, sikuwa na mama. Nilikuwa nimemweleza Yosefina desturi yetu zamani, wakati neno lilipokuwa bado saa kumi, akasema siku hiyo atakuwa kwenye chama cha akina mama kanisani ila saa kumi atakuwa amerudi. Kwamba nimebadili nia, sikumwambia. Ningeweza kugonga sufuria mwenyewe. Mkono ulikwenda mpaka kwenye sufuria ukarudi. Mtu hajigongei. Hata mbali namna hii, hata baada ya miaka thelathini na sita, mwili wangu ulikataa kupuliza kabla mama hajagonga.

Nikayameza yale maji. Nikakaa. Nilijua kwamba wakati ule ule umepuliza, umetangulia, na mimi nimechelewa tena. Nilikaa uani saa zile mbili nikiwaza hilo. Sikusoma, sikuvuta tumbako. Niliwafikiria ninyi mnakula.

Yosefina akarudi, akanikuta. "Bado umekaa na maji yako?" Nikasema, "Bado." Akanitazama usoni. Akatua mfuko wake, akajifunga kitenge vizuri, akasema kwa lugha yake, "Leo mimi ndiye nitakayekuwa mama. Saa ngapi?" Nikaitazama saa. Ilikuwa kumi. Akalishika sufuria kwa mkono mmoja na mwiko kwa mkono mwingine, akaligonga mara moja. Nikapuliza.

Basi hukumdanganya mama. Jiwe lake na mwiko wa Yosefina viligonga pamoja. Na kabla ya hapo, saa mbili zote mlizokaa mkiningoja, nami nilikuwa nimekaa. Kwa hiyo hakutangulia mtu.

Sasa lile ambalo sikuliandika. Ulikuwa na subira kuliko ninavyostahili.

Mwaka 1939 nilikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini. Mzigo ulikatika kwenye kamba, mguu wangu wa kushoto ukabaki chini yake. Siku habari ya kifo cha baba iliponifikia nilikuwa hospitalini, na mguu walikuwa wamekwisha uondoa juu ya goti. Aliyenisaidia kupeleka simu akaniuliza aandike nini. Nikawaza niseme yote, nikamwona mama akisomewa. Alinizaa mzima, akaniaga mzima. Nikasema andika NINGOJENI. Nilidhani nikipona nitakuja. Nilidhani neno hilo moja linatosha kwa watu wa nyumbani. Halikutosha, na kosa la kutotosha kwake lilinywewa na ardhi tarehe 30 Agosti, kwa hiyo silitaji tena. Nimekuambia tu ili ujue kwa nini nilipuliza nikiwa nimekaa kitini, kama mlivyoniwekea kiti na ninyi bila kujua. Au kwa kujua. Seremala ni mtu wa maneno mengi.

Fulgensi, hiyo ndimu usiitupe. Ung'oe ule mwiba wa huku, uufukie kando ya kaburi la bibi yako. Ule wa Kibaoni uache palepale ulipo.

Balbina, barua hii ikifika, pikeni, mle chakula kikiwa moto. Ondoeni matanga. Nimefika.

Kaka yako,
Fridolin